Je, Wajua? Seraph, Nyambizi ya Kazi za Siri

Chombo kimoja, manahodha wawili
Novemba 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi ya Uingereza, Seraph, ilikuwa na manahodha wawili kwa mpigo: Luteni Bill Jewell, Mwingereza aliyeiendesha hasa, na Kapteni Jerauld Wright, Mmarekani aliyepewa unahodha wa jina tu. Yote kwa ajili ya abiria mmoja! Jenerali Henri Giraud wa Ufaransa, aliyewatoroka Wajerumani katika ngome ya Königstein, hakutaka kuokolewa na Waingereza, maana mwaka 1940 walizipiga manowari za Ufaransa huko Mers-el-Kébir na kuua mabaharia karibu 1,300. Basi mabaharia wa Seraph wakajikaza kuongea Kimarekani, na jenerali akapanda, japo alitumbukia baharini kwanza.

Jenerali aliyepoteza suruali
Wiki mbili kabla ya hapo, Seraph ilimpeleka Jenerali Mark Clark wa Marekani hadi Cherchell, Aljeria, akaonane kisiri na maofisa wa Kifaransa kabla majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) hayajatua Afrika Kaskazini. Alifika ufukweni usiku kwa mtumbwi wa turubai unaokunjwa. Polisi walipotokea, wageni wakajificha katika ghala la mvinyo chini ya nyumba walimokutana. Komando mmoja akabanwa na kikohozi, na Clark akampa chingamu aliyokuwa akiitafuna mwenyewe ili atulie. Wakati wa kuondoka, mawimbi yakaondoka na suruali ya jenerali.

Mita 66 tu
Urefu wa Seraph ulikuwa kama theluthi mbili za uwanja wa mpira, na humo waliishi watu wapatao 48, pamoja na injini za dizeli, betri na torpedo.

Maiti iliyowadanganya majemadari
Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1943, karibu na Huelva, Hispania, Seraph iliibuka na kushusha majini maiti iliyovishwa sare, ikiwa na mkoba wa barua za uongo. Mabaharia walikuwa wameambiwa kwamba kasha lile la chuma, lililojaa barafu kavu, ni mtambo wa hali ya hewa! Maofisa peke yao ndio walioshuhudia, na Jewell akamsomea marehemu Zaburi ya 39. Barua ziliwafikia Wajerumani, wakaamini kwamba shambulio litakuwa Ugiriki na Sardinia, hata wakahamisha divisheni ya vifaru kutoka Ufaransa hadi Ugiriki. Julai 10 majeshi ya Washirika yakatua Sisilia, na Seraph ilikuwapo, ikizionyesha meli njia. Maiti hiyo, iliyopewa jina la bandia “Meja William Martin”, ilikuwa ya Glyndwr Michael, Mwelshi fukara aliyekufa kwa sumu ya panya. Jina lake halisi liliandikwa kaburini mwaka 1998, na lilistahili kuandikwa mapema zaidi.

Ikageuzwa windo
Mwaka 1944 Seraph iling’olewa mzinga na kulainishwa umbo ili ikimbie upesi chini ya maji. Manowari za Uingereza ziliitumia kujizoeza kuziwinda nyambizi mpya za Kijerumani, zenye mbio kuliko zote za awali.

Vipande vyake viko Marekani
Ilipokatwakatwa miaka ya 1960, periskopu yake ilipelekwa chuo cha kijeshi cha The Citadel, Charleston, ambako bendera ya Uingereza hupepea kando ya ile ya Marekani. Mkuu wa chuo hicho hadi mwaka 1965 alikuwa Mark Clark.