Umeme Ukikatika, Nyumba Isikae Gizani

Umeme sasa umefika katika vijiji vingi ambavyo zamani havikuujua. Watoto husoma usiku chini ya taa nzuri, mashine za kusaga zinafanya kazi, na simu hazipelekwi tena mjini kutiwa chaji. Hilo ni jambo jema. Lakini mtu akizoea kitu husahau alivyoishi kabla yake. Taa ya chemli imetupwa stoo, na umeme ukikatika saa mbili za usiku, baba anapapasa ukutani, mama anatafuta kiberiti, na watoto wanalia.

Msidhani kwamba jambo hili huwapata watu wa vijijini tu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na tarehe 1 Aprili 2024 ukakatika sehemu kubwa ya Tanzania. Unguja walionja zaidi. Kisiwa hicho hupata umeme wake kutoka bara kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na watu wakakaa bila umeme mpaka Machi 2010, yaani miezi mitatu. Hata maji yakawa shida, maana pampu za maji nazo huendeshwa kwa umeme. Mwenye fedha alinunua jenereta; asiye nazo akarudia kibatari.

Basi, tufanyeje? Wahenga walisema, akiba haiozi. Yafaa kila nyumba iwe na akiba yake ya mwanga, nayo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji hesabu kidogo na uangalifu mwingi.

Tuanze na hesabu. Umeme wa matumizi hupimwa kwa wati. Chukua karatasi uandike vitu ambavyo kweli huwezi kukosa usiku mmoja. Tuseme taa ndogo tatu za LED, kila moja wati 5: jumla ni wati 15. Zikiwaka kwa saa 5, ni 15 mara 5, yaani 75. Redio ya wati 5 ikisikilizwa kwa saa 4 ni 20. Simu mbili zikijazwa chaji, tuhesabu 30. Jumla ya usiku mmoja ni 125.

Sasa tazama betri. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 50 Ah ina akiba ya 12 mara 50, yaani 600. Lakini usiimalize yote! Betri ya asidi ikikaushwa mara kwa mara hufa upesi. Tumia nusu yake tu, yaani 300. Nusu hiyo yatosha nyumba yetu kwa usiku mara mbili, na bado hubaki kidogo.

Je, pasi ya umeme? Pasi moja hula wati 1,000. Ukiiwasha kwa betri hiyo kwa kutumia inverta, ile akiba ya usiku mara mbili haitafika hata dakika 20. Tena umeme mwingi kiasi cha ampea 83 utapita katika waya za betri, na waya nyembamba zitaungua. Kwa hiyo pasi, birika na jiko la umeme visubiri umeme urudi. Ajikunaye hujikuna ajipatapo.

Mwenye fedha kidogo aanze na taa ndogo ya sola yenye betri yake ndani. Mchana huwekwa juani, usiku huwaka. Baadaye akipata zaidi, anunue betri, paneli ya jua, na kontrola ya kulinda betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa mno. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, yaweza kurudisha kiasi cha 150 au zaidi, nayo yatosha ule usiku wetu wa 125. Siku za mvua hupungua, basi punguzeni matumizi. Taa ziwe za volti 12, zifungwe moja kwa moja kwenye kontrola, maana kila umeme unapopita katika inverta sehemu yake hupotea.

Wengi huuliza kama betri kuukuu ya gari inafaa. Yafaa kwa kuanzia, lakini haitadumu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache, ili kuwasha injini. Betri ya sola imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiweza kupata kipimo cha volti, ipime betri ikiwa imepumzika saa kadhaa: ikisoma 12.6 imejaa; ikisoma karibu 12.2 imefika nusu, basi iache.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu wako watu waliotafuta mwanga wakapata msiba.

Kwanza, betri. Ndani yake mna asidi inayounguza ngozi na macho. Ikimrukia mtu, mwoshe mara moja kwa maji mengi safi, na kama imeingia machoni mpelekeni zahanati. Betri ikitiwa chaji hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Basi iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, juu kuliko mikono ya watoto. Wala isilale chumba kimoja na watu. Spana isiangukie vichwa vyake viwili kwa pamoja. Fyuzi ifungwe karibu na kichwa cha chanya, ili waya zikigusana fyuzi ikatike kabla nyumba haijashika moto. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi. Ikifa, usiipasue kuyeyusha risasi yake, maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Irudishe dukani.

Pili, jenereta. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha usingizi humchukua, naye asiamke tena. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani hata kama mvua inanyesha. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha. Petroli isitiwe injini ikiwa bado ya moto, wala isiwekwe chumbani.

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote: jirani yako. Wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande mbili, upande mmoja katika jenereta au inverta, upande wa pili katika soketi ya ukutani, ili taa zote za nyumba ziwake. Taa zitawaka kweli, lakini umeme hauishii hapo. Waweza kutoka nje kupitia mita, ukafika kwenye transfoma ya kijiji. Transfoma hiyo hupunguza umeme mkubwa uwe wa kutumika nyumbani; ukiingia kinyume huufanya kuwa mkubwa tena, maelfu ya volti. Na juu ya nguzo yuko fundi anayetengeneza waya akiamini hauna umeme. Huyo naye ana mke na watoto wanaomngoja. Basi waya wa namna hiyo usionekane nyumbani kwako kamwe. Taa za akiba ziwe na waya zake peke yake. Na anayetaka kuunganisha na waya za nyumba amwite fundi umeme mwenye leseni, aweke swichi ya kubadilishia, inayokata njia ya nje kabla ya kufungua ya ndani.

Jambo dogo la mwisho: umeme ukikatika, chomoeni friji na televisheni, mwache taa moja tu iwashwe kwa swichi. Itakapowaka mtajua umeme umerudi. Ngojeni dakika chache utulie, kisha chomekeni tena.

Wazazi, fanyeni shauri hili jioni ya leo, umeme ungali upo. Andikeni hesabu yenu na watoto wa shule waisaidie, ni zoezi zuri kwao. Chagueni mahali pamoja pa taa, kiberiti na tochi, na kila mtu wa nyumbani apajue. Kisha zimeni taa zote kwa dakika tano, mwone kama mdogo wenu kuliko wote ataweza kupafikia gizani.