NJIA YA MIGUU NI MALI YETU: TUJITOLEE, TUSITUMIKISHWE

Ndugu wafanyakazi, barabara ikitajwa wengi wetu hufikiria lami na malori. Lakini huko Iyolwa, wilaya ya Tororo, upande wa kuelekea Busia, njia inayokanyagwa kila siku ni ile nyembamba ya miguu. Kina mama hupita hapo na mitungi ya maji, watoto hupita kwenda shule, na mgonjwa huchukuliwa hapo kupelekwa kituo cha afya. Sisi tulioajiriwa viwandani Tororo na Jinja, au katika miwa ya Kakira, tunapita hapo hapo tunaporudi kuwaona jamaa zetu. Kwa hiyo njia hiyo inatuhusu sisi pia, wala si watu wa kijijini peke yao.

ADUI NI MAJI

Kinachoua njia ya miguu si nyayo za watu, ni maji. Mvua za kwanza huanza mwezi wa Machi, na za pili hufuata kuanzia Agosti. Maji yakikosa mahali pa kutokea hufanya njia kuwa mto, na baada ya misimu michache hubaki korongo. Hapo watu hukwepa na kukanyaga shamba la jirani, na ugomvi huanza.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Majembe, slasha na panga zinatosha. Mtaro uchimbwe upande wa juu wa njia, na kila baada ya hatua kadhaa uwekwe mfereji wa mawe wa kuvusha maji upande wa pili. Katikati ya njia pawe juu kidogo kuliko kando. Majani yafyekwe, yasilimwe, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Penye bwawa la mafunjo mawe yapangwe kwa kuachiana nafasi, ili maji yapite chini bila kuyasukuma. Wakati mzuri ni kati ya Desemba na Februari, kabla watu hawajashikwa na kupanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Hata hivyo, wako wazee wanaosikia neno "kazi ya kijiji" na kununa. Wana sababu. Wakati wa ukoloni, huko Buganda palikuwa na luwalo, yaani siku 30 za kazi bila malipo kila mwaka, au mtu alipe fedha badala yake. Nchini Kenya machifu waliwatoa watu majumbani kwenda kutengeneza barabara, hata wanawake na wasichana. Harry Thuku, aliyekuwa mfanyakazi wa simu wa serikali, alipinga jambo hilo pamoja na kodi na kipande, na akakamatwa mwezi wa Machi 1922. Watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Ndiyo maana sisi wa chama tunashika sana Mkataba Namba 29 wa mwaka 1930 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliukubali mwaka 1963 na Kenya mwaka 1964. Mkataba huo unakataza kazi ya kulazimishwa. Unaruhusu kazi ndogo ndogo za jamii, mradi wanajamii wenyewe, au wajumbe wao, wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajiwa. Jembe ni lile lile na mtaro ni ule ule. Kinachotofautisha kujitolea na kutumikishwa ni kuulizwa kwanza.

KAZI IPI NI YETU?

Basi mkutano uje kabla ya jembe. Wakazi wapange siku, wamwombe ruhusa mwenye shamba ambalo njia inapita, na wakubaliane kwamba mzee, mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga hawatatozwa faini. Asiyeweza kushika jembe anaweza kuleta maji ya kunywa.

Lakini daraja, kalvati na barabara ya changarawe ni kazi ya serikali, na anayeifanya alipwe mshahara. Jambo hilo linawezekana. Kuanzia mwaka 1974 Kenya ilijenga barabara nyingi za vijijini kwa nguvu za mikono, na vibarua walilipwa. Baadaye mtu aliyeishi kando ya barabara alipewa kipande chake cha kutunza kwa malipo. Tusikubali jina zuri la kujitolea litumiwe kumnyima kibarua ujira wake.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Utakapokuwa nyumbani wakati wa likizo, hudhuria mkutano wa kijiji, toa maoni yako, kisha chukua jembe pamoja na wenzako. Njia tuliyoitengeneza kwa hiari yetu tutaitunza, maana hakuna aliyetusukuma kuitengeneza.