Alama ya Kalibu au Ufa? Pima Kabla ya Kuuza Bloku kwa Kilo

Mtama na muhogo mkavu vinapojaa masokoni, gereji yetu ya Arua, Uganda, hupokea injini za mashine za kusaga kutoka Koboko: Ludara, Midia, Lobule, hadi Kuluba karibu na mpaka wa Oraba. Nyingi ni Lister za silinda moja, au nakala zake zinazotengenezwa Rajkot, India. Mwenye mashine huniambia, "Fundi, bloku imepasuka, nitafutie mnunuzi wa vyuma." Namjibu, "Mzee, tuioshe kwanza."

Jibu hilo limeokoa bloku nyingi. Baadhi huwa zimepasuka kweli. Nyingine zina alama tu, zilizoingia siku chuma kilipomiminwa kiwandani, nazo zimefanya kazi miaka yote bila kuvuja hata tone.

Nazipigania injini hizi kwa sababu ndizo zilizotulisha. Eneo letu la Nile Magharibi lilikaa miongo mingi bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Hata bwawa la Nyagak lilipoanza kutoa umeme mwaka 2012, uwezo wake ulikuwa megawati 3.5 tu. Unga wa vijijini ulisagwa kwa dizeli. Lister ya asili ilitengenezwa Dursley, Uingereza, tangu miaka ya 1930 hadi 1987. Ile ya nguvu farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika, na kwa mwendo huo wa pole inadumu kupita umri wa aliyeinunua. Uzalishaji wake umekoma, kwa hiyo bloku ya asili ikienda kwa wauza vyuma chakavu, hupati nyingine mpya ya asili.

Ili kutofautisha alama na ufa, lazima ujue bloku inavyozaliwa. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa ndani ya kalibu ya mchanga yenye vipande viwili. Mahali vipande hivyo vinapokutana, chuma kidogo hupenya na kuacha mstari ulioinuka. Njia za maji huundwa kwa viini vya mchanga vinavyovunjwa na kutolewa baadaye. Gesi ikinaswa, huacha vitundu. Mchanga ukimomonyoka, huacha mashimo yenye kingo za kukwaruza. Na mikondo miwili ya chuma ikikutana imeshaanza kupoa, haishikani vizuri. Hubaki mfereji wenye midomo ya mviringo. Mfereji huo ndio unaowadanganya watu zaidi.

Ufa una tabia nyingine. Chuma cha kusubu hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa. Vitabu vya Ulaya huonya juu ya maji yanayoganda na kupasua bloku wakati wa baridi. Kwetu hakuna barafu. Adui ni joto. Pipa la maji ya kupozea linakauka, injini inachemka, kijana anakimbia na ndoo ya maji ya kisima. Chuma cha juu kinasinyaa ghafla, cha ndani bado kimetanuka, basi cha juu kinavutwa hadi kinaachia. Ndiyo maana ufa hupenda kuanzia penye msukosuko wa joto na mkazo: kati ya valvu mbili za hedi, kwenye matundu ya bolti, kwenye kona kali, na mahali chuma kinapobadilika kutoka kinene kuwa chembamba.

Sasa tazama kwa macho na kucha. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Pitisha ukucha: mstari wa kalibu umeinuka na umenyooka, ufa haukuinuka, ni mwembamba kama unywele na unakwenda kwa kupindapinda. Kisha fuata mstari hadi kwenye uso uliochongwa kwa mashine. Mstari wa kalibu unaishia hapo, kwa sababu mashine imeukata. Ufa unavuka, unaendelea kwenye uso laini. Angalia pia rangi ya kiwandani: ikiwa imetulia nzima ndani ya mfereji, mfereji ulikuwapo kabla ya rangi. Ikiwa imechanika, au kuna mchirizi wa kutu na chokaa ya maji, shaka inaongezeka.

Macho hayatoshi, basi tunapima. Paka mafuta ya taa mahali penye shaka, yaache yanywee, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa hurudisha mafuta na kuchora mstari mweusi mwembamba. Vitundu vya gesi hutoa madoa. Mkwaruzo hautoi kitu. Njia ya pili ni sumaku yenye nguvu na vumbi la chuma la tupa: weka ncha zake mbili pande mbili za mstari, vumbi litajipanga juu ya ufa. Geuza sumaku na kurudia, kwa maana ufa unaokwenda sambamba na mvuto wa sumaku haujionyeshi. Hukumu ya mwisho ni hewa: funga njia zote za maji kwa bamba na mpira, jaza hewa ya shinikizo la chini, takriban bari 2, kisha paka povu la sabuni. Ni bora bloku iwe na joto, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka chuma kikipata moto tu.

Alama ya kiwandani nayo si salama daima. Shimo la mchanga linaweza kuwa mwanzo wa ufa. Katika nakala za Rajkot, mafundi wamekuta mchanga wa kalibu umebaki ndani, ukichanganyika na oili na kula beringi. Injini mpya ya aina hiyo ifunguliwe na kuoshwa kabla ya kuwashwa. Ufa nao si kifo daima: ulio ukutani mwa njia ya maji unaweza kushonwa kwa pini za chuma zinazofuatana, au kuchomelewa kwa vijiti vya nikeli baada ya kuipasha bloku moto na kuiacha ipoe polepole.

Ndugu mwenye mashine, injini ikichemka, izime na uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi. Na fundi akikuambia bloku imepasuka, mwombe akuonyeshe mstari wa chaki au povu la sabuni. Asipoweza kukuonyesha, usiuze.