Vijiji vilizama, picha zikabaki

Tuseme ukweli. Simu yako ina picha ngapi sasa hivi? Elfu mbili? Elfu tano? Chakula cha jana, matatu iliyochorwa ikachoreka, na selfi kumi za siku moja, zote na tabasamu lile lile.

Sasa swali la pili, na hili ni gumu kidogo. Mtu akizipata picha hizo miaka 60 ijayo, atajua hao ni akina nani na pale palikuwa wapi?

Uingereza wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Huko kuna picha za zamani za miji na vijiji kwa maelfu, na kuna watu, wengi wao wazee, wanaoziangalia na kuandika wanachokumbuka: nani aliishi nyumba ile, duka lile liliuza nini, mto ulifurika mwaka gani.

Ni jambo dogo, utasema. Lakini kuna vijiji huko ambavyo leo havina mkazi hata mmoja. Vimebaki ndani ya picha na vichwani mwa watu wachache, na watu hao wanazidi kupungua.

Mfanyabiashara aliyeshika kamera

Hadithi ya picha hizi huwezi kuisimulia bila kumtaja Francis Frith. Alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Chesterfield. Pesa zake hakuzipata kwa kamera. Alizipata kwa kuuza vyakula kwa jumla jijini Liverpool. Katika miaka ya 1850, kabla hata hajafika umri wa miaka 40, aliuza biashara hiyo na kuanza kufuata kile alichokipenda.

Kati ya 1856 na 1860 alizuru Misri na Mashariki ya Kati mara tatu, akibeba kamera kubwa na mabamba ya vioo. Kupiga picha enzi hizo si mchezo. Ulipaka kioo kemikali gizani, ukakitia kwenye kamera kikiwa bado kibichi, ukapiga picha, kisha ukakimbia tena gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Ukichelewa dakika chache tu, kazi yote bure. Chumba chake cha giza kilikuwa hema, na jua la Misri unalijua lilivyo.

Aliporudi nyumbani, karibu mwaka 1860, alifungua kampuni katika mji wa Reigate, kusini mwa London. Ndoto yake ilikuwa kubwa ajabu: kupiga picha kila mji na kila kijiji cha Uingereza. Peke yake asingeweza, kwa hivyo aliajiri wapiga picha na kuwatuma huku na huko.

Reli zilikuwa zimeanza kuwafikisha watu wa kawaida ufuoni na milimani, na watalii hao walitaka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Frith akawauzia picha. Baada ya mwaka 1894, posta iliporuhusu kadi za picha zilizochapishwa na kampuni za watu binafsi, biashara ya aina hiyo ililipuka. Mijini barua zilisambazwa mara kadhaa kwa siku, kwa hivyo ungeweza kutuma kadi asubuhi kumwambia rafiki kwamba utamtembelea jioni. Yaani hiyo ndiyo iliyokuwa SMS ya mababu zao.

Frith alifariki mwaka 1898, lakini kampuni iliendelea hadi karibu mwaka 1970. Ilipofungwa, ilikuwa imekusanya picha zaidi ya 300,000 za sehemu kama 7,000. Hazina hiyo nusura ipotelee gizani. Mwanahistoria wa upigaji picha, Bill Jay, ndiye aliyepiga kelele mpaka ikapata mnunuzi wa kuihifadhi.

Picha bila mtu ni bubu

Hapa ndipo pana utamu. Chukua picha moja ya kawaida katika hifadhi kama hizo. Chini yake pameandikwa jina la mji, "Barabara Kuu" na mwaka, labda 1955. Basi. Unaona maduka, baiskeli, mbwa mmoja, na mama aliyevaa kofia. Unapita.

Lakini mpe picha hiyo mtu aliyekuwa mtoto mtaani humo. Akiona duka la peremende, atakukumbusha kwamba peremende zilikuwa zikiuzwa kwa mgao wa serikali tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kwamba mgao huo uliondolewa Februari 1953. Hebu fikiria mtoto wa miaka minane ambaye hajawahi kuingia dukani akanunua peremende kadiri ya senti zake. Ghafla duka lile si jengo tena. Ni siku.

Akiona kituo cha treni cha kijiji, atakuambia hakipo siku hizi. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza vituo zaidi ya 2,000 vifungwe kwa sababu reli ilikuwa ikipata hasara, na vingi vilifungwa kweli. Kwenye picha unaona jukwaa na saa ya ukutani. Kwenye kumbukumbu unamwona baba akishuka kutoka kazini.

Mijini nako kulikuwa na tingatinga. Kwa sisi wa Nairobi, kelele zake si ngeni. Katika miaka ya 1960 mitaa mingi ya wafanyakazi huko Manchester na Salford ilibomolewa. Nyumba zilikuwa kuukuu, nyingi zikiwa na choo nje, na serikali ilitaka kuwahamishia watu katika makao mapya. Mpiga picha Shirley Baker alizunguka mitaa hiyo akipiga picha za watoto wakicheza juu ya vifusi na akina mama wakipiga soga mlangoni. Bila yeye, tungebaki na ramani za wahandisi tu. Ramani haikuonyeshi mtoto akichora kwa chaki barabarani.

Kijiji kilichohama kabla ya Krismasi

Sasa twende kwa vijiji vyenyewe. Novemba 1943, katikati ya vita, wakazi wa Tyneham katika kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza, walipokea barua. Jeshi lilihitaji eneo lao kwa mazoezi. Walipewa takriban mwezi mmoja kufungasha. Watu kama 225 wa kijiji na mashamba jirani waliondoka kabla ya Krismasi.

Kabla ya kwenda, waliacha ujumbe kwenye mlango wa kanisa. Waliwaomba wanajeshi walitunze kanisa na nyumba zao, kwa kuwa wao wangerudi siku moja.

Hawakurudi. Vita viliisha mwaka 1945, na mwaka 1948 serikali ikalichukua eneo hilo moja kwa moja kwa matumizi ya kijeshi. Leo hii Tyneham ni kuta bila mapaa, na wageni huruhusiwa kuingia siku ambazo mizinga haipigwi. Shule ndogo imekarabatiwa, na ndani yake vigingi vya kutundikia makoti vina majina ya watoto. Ndani ya magofu ya nyumba kuna maelezo na picha za familia zilizoishi humo. Unasimama kwenye jiko lisilo na paa, unatazama picha ya mama aliyepika pale pale.

Mwezi huo huo kijiji cha Imber, huko Wiltshire, kilipata habari kama hizo. Wakazi waliitwa kwenye mkutano shuleni, wakaambiwa wana siku 47. Wanajeshi wa Marekani walihitaji pa kujifunzia vita vya mitaani kabla ya kuvamia Ulaya. Inasimuliwa kwamba mhunzi wa kijiji alikutwa amejiinamia kwenye fuawe yake akilia. Alifariki wiki chache baadaye, akarudishwa Imber akiwa maiti, akazikwa nyumbani.

Picha ya karakana ya mhunzi unaweza kuipata. Machozi yake huwezi kuyaona kwenye picha yoyote. Yalitufikia kwa sababu mtu alisimulia.

Bonde chini ya maji

Twende Wales, magharibi. Kijiji cha Capel Celyn kilikuwa katika bonde la mto Tryweryn. Wakazi walizungumza Kiwelshi: nyumbani, shuleni, kanisani. Kisha jiji la Liverpool, lililo ng'ambo ya mpaka katika England, likataka maji.

Mwaka 1956 wanakijiji walisafiri hadi Liverpool, wakaandamana barabarani wakiwa na mabango, wazee kwa watoto. Hawakusikilizwa. Mwaka 1957 bunge jijini London lilipitisha sheria ya kujenga bwawa ingawa hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyepiga kura ya kuiunga mkono. Shule, kanisa, posta na mashamba, vyote viliorodheshwa kuzama. Baadhi ya maiti walihamishwa makaburini. Makaburi yaliyobaki yalifunikwa kwa zege.

Geoff Charles, mpiga picha wa magazeti, alikuwepo. Alipiga picha za maandamano na za maisha ya bonde lilipokuwa likisubiri kifo chake. Picha zake zimo katika Maktaba ya Kitaifa ya Wales. Si picha za majengo pekee. Ni watu waliojua wazi kwamba mahali waliposimama patakuwa chini ya maji.

Bwawa lilifunguliwa Oktoba 1965. Sherehe ilidumu dakika chache tu, maana waandamanaji waliivuruga. Miaka 40 baadaye, mwaka 2005, baraza la jiji la Liverpool liliomba msamaha.

Lakini sikiliza sehemu inayotuhusu sisi vijana. Katika miaka ya 1960 mtu alipaka rangi ukuta wa nyumba iliyobomoka kando ya barabara, akaandika maneno mawili ya Kiwelshi yenye maana ya "Kumbuka Tryweryn". Mwaka 2019 sehemu ya ukuta huo iliangushwa usiku. Mara moja watu wa kujitolea wakaujenga upya, na nakala za maneno hayo zikachorwa kote Wales. Wengi waliochora hawakuwa wamezaliwa kijiji kilipozama. Wamekumbuka kitu ambacho hawakukiona kwa sababu kuna waliosimulia na kuna waliopiga picha.

Picha nazo hudanganya

Tusidanganyane, lakini. Mwenye kuuza kadi za posta alitaka kadi inunuliwe. Kwa hivyo alipiga picha ya kanisa, daraja na ufuo siku ya jua. Uchochoro wenye maji taka hakuupiga. Ukiamini kadi hizo pekee, utadhani Uingereza ya zamani ilikuwa bustani.

Kumbukumbu nayo ina ujanja wake. Mzee atakuambia zamani milango haikufungwa na kila mtu alimpenda jirani yake. Labda. Lakini picha ikimwonyesha mtoto bila viatu mwezi wa Januari, utamwuliza maswali zaidi. Hapo ndipo ukweli hupatikana: picha inamsahihisha mzee, mzee anaisahihisha picha.

Albamu iliyo chini ya kitanda

Sasa turudi kwako. Nyumbani kwenu, au kwa shosho ushago, kuna albamu au mkebe wa biskuti uliojaa picha. Kuna picha ya studio yenye pazia lililochorwa maua. Kuna jamaa aliyevaa suruali pana, mkono kiunoni, na hakuna anayemtaja jina. Kuna picha iliyokatwa kwa makasi, na nusu moja haipo.

Mtu mmoja anajua hadithi zote hizo, na hana miaka mingine 60.

Krismasi hii ukienda, weka simu mezani uirekodi sauti yake. Toa picha moja moja. Usimwulize tu ni nani. Uliza nani aliipiga, walikuwa wanatoka wapi siku hiyo, kwa nini huyu hacheki, na nyumba inayoonekana nyuma iko wapi sasa. Andika majina nyuma ya kila picha kwa penseli laini, pamoja na mahali na mwaka. Kisha fanya hivyo hivyo kwa picha kumi tu kati ya zile elfu tano zilizo kwenye simu yako.

Watu wa Tyneham walidhani wangerudi, kwa hivyo wengi hawakuaga vizuri. Wewe una nafasi ambayo wao hawakuipata. Mwulize shosho angali anakumbuka.