Kompyuta Ikizimika Ovyo Tufanye Nini?

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Muleba tuna kompyuta moja. Tuliinunua Bukoba mjini, ya mtumba, kwa fedha za kikundi. Haikai ofisini, maana ofisi hatuna. Inakaa nyumbani kwa katibu, juu ya meza iliyo karibu na dirisha la barabarani. Humo tunaweka hesabu zetu zote: nani ameweka, nani amekopa, nani bado anadaiwa.

Mwaka jana kompyuta hiyo ilianza kuzimika. Katibu anaandika, mara kioo kinakuwa cheusi. Akiiwasha inafanya kazi kidogo, halafu inazimika tena. Siku moja ilizimika kabla hajahifadhi kazi, marejesho ya jioni nzima yakapotea. Mama mmoja aliyekwisha kulipa deni lake lote akaonekana bado anadaiwa. Bahati nzuri alikuwa ametunza risiti yake ya mkono. Asingekuwa nayo, sijui tungesemaje mbele ya mkutano.

Tulimlaumu nani? Kwanza tulimlaumu jirani. Ulikuwa msimu wa senene, naye alikuwa ametundika taa kubwa za kuwavutia. Tukasema taa zake ndizo zinazonyonya umeme. Tulikaribia kugombana. Baadaye tukalaumu umeme wenyewe. Huku kwetu umeme ulitoka Uganda kwa miaka mingi, na kukatikakatika kwake tulikuzoea. Basi kila kitu kikizimika, jibu ni moja: umeme. Tukanunua stabilaiza. Kompyuta ikaendelea kuzimika na stabilaiza yake pembeni.

Mwisho tukaenda kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua. Alisema mazabodi imekufa, yaani lile bamba kubwa la ndani linalounganisha vifaa vyote, na kwamba tununue kompyuta nyingine. Bei aliyotaja ingenunua mbuzi watatu. Tukarudi nyumbani na mashine yetu.

Hapo mzee mmoja wa kikundi akatukumbusha habari za redio. Yeye alikuwa katika kikundi cha wasikilizaji mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mkoa wetu ulipokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Redio ya kikundi ikinyamaza, alisema, hakuna aliyekimbilia kununua redio mpya. Watu walitazama betri. Betri zikiwa nzima, walitazama zile chuma zinazoshika betri, kama zina kutu. Baadaye ndipo walitazama swichi. Walianza na kitu kidogo na rahisi. Akauliza: kompyuta nayo si chombo tu?

Tukaamua kufanya jambo moja ambalo halina gharama. Tulinunua daftari la kurasa chache, tukaliweka juu ya meza. Kila kompyuta ilipozimika, katibu aliandika mambo manne. Ni saa ngapi? Ilikuwa imewaka kwa muda gani? Alikuwa anafanya nini? Kioo kilionyesha nini, au kulisikika sauti gani?

Baada ya majuma mawili tulikaa tukalisoma. Kompyuta ilikuwa imezimika mara 11. Taa za jirani zilikuwa zinawaka mara 2 tu kati ya hizo. Nyingi zilikuwa kati ya saa 7 na saa 10 mchana, jua la dirishani linapopiga meza. Kila mara ilikuwa imewaka kama nusu saa. Ikiwashwa upesi, ilizimika upesi zaidi. Ikiachwa ipumzike hadi jioni, ilifanya kazi muda mrefu. Na mara kadhaa katibu alikuwa ameandika: "Feni inalia." Jirani tukamwomba radhi.

JOTO NDILO LILIKUWA ADUI

Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo kiitwacho prosesa. Hicho ndicho kinachopiga hesabu zote, na kikifanya kazi kinapata moto sana. Juu yake pamefungwa kipozeo, yaani chuma chenye mapezi mengi membamba. Kwenye kipozeo kuna feni. Joto linapanda kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye mapezi, na feni inalipeperusha. Feni ikichoka, au mapezi yakiziba, joto halina pa kwenda. Likikaribia nyuzi 100, kama maji yanayotaka kuchemka, kompyuta hujizima yenyewe isiungue. Kumbe mashine yetu ilikuwa inajiokoa.

Tuliizima vizuri, tukachomoa waya ukutani, tukaipeleka barazani. Kabla ya kugusa cho chote ndani, tuligusa kwanza chuma cha kasha. Mwili wa mtu hubeba umeme kidogo ambao hausikiki, lakini unaweza kuharibu vipande vya ndani. Kisha tukafungua skrubu za ubavuni kwa bisibisi.

Jamani! Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeshikana katikati ya mapezi kama kipande cha blanketi. Ndani yake mlikuwa na mabawa ya senene. Kwa hiyo senene nao walikuwa na sehemu yao katika kesi hii.

Tulilitoa vumbi kwa brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Tulishika feni kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji hakifai, wala kupuliza kwa mdomo, kwa sababu mate huingia. Halafu tukaizungusha feni. Feni nzima huzunguka bila kukwaruza, na ukiiachia huendelea kidogo. Ya kwetu ilikwaruza ikasimama papo hapo. Katikati ilikuwa imelika, kama bushi ya baiskeli ya zamani.

Tuliing'oa pamoja na kipozeo chake. Kati ya kipozeo na prosesa hupakwa pesti, kitu kizito kama dawa ya meno, ili joto lipite vizuri. Ya kwetu ilikuwa imekauka ikawa unga. Tukaenda Bukoba na feni ile mbovu mkononi, kama mtu anavyokwenda dukani na bolti anayotaka mwenzake. Hii ni muhimu. Feni hutofautiana kwa upana, na plagi zake nyingine zina nyaya 3, nyingine 4. Feni mpya na pesti kwa pamoja havikufikia bei ya jogoo. Tulifuta pesti ya zamani, tukaweka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, tukafunga. Meza nayo tukaihamisha kutoka dirishani.

Tangu siku hiyo daftari letu halijaandikwa "imezimika" kwa sababu ya joto.

DALILI NYINGINE

Si kila kompyuta ina ugonjwa wa yetu. Ikiwa yako inazimika ghafla wakati wo wote, asubuhi hata usiku, au unasikia harufu ya kuungua, shuku njia ya umeme. Anza na soketi ya ukutani na waya. Ipeleke kompyuta nyumba nyingine uijaribu huko. Ikitulia huko, tatizo liko kwako ukutani, siyo ndani ya kasha. Ikizimika na huko, huenda pawa saplai imechoka. Hilo ni lile boksi la chuma linalopokea umeme wa volti 230 na kuugeuza uwe mdogo, volti 12 na 5 na kidogo zaidi ya 3. Libadilishwe zima. Tunasema zima, kwa sababu kulifungua ni hatari. Hata likichomolewa ukutani, linaweza kutunza umeme wa kuua mtu. Unaponunua jingine, soma namba ya wati iliyoandikwa ubavuni. Jipya liwe na wati zile zile au zaidi.

Ikiwa kompyuta inaganda, au inaleta kioo cha buluu chenye maandishi meupe, au ukiiwasha inapiga milio tu bila kuonyesha kitu, shuku ramu. Hiki ni kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, nacho hushika kazi unayoifanya wakati huo. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haupo mbali. Meno hayo hufifia. Chomoa kibao, sugua meno taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka kisikike kimeshika. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Maandishi yale ya buluu yanakiliwe daftarini kama yalivyo, hata kama hatuyaelewi. Fundi atayaelewa. Lakini kioo cha buluu huweza pia kuletwa na virusi au programu iliyoharibika, kwa hiyo usikimbilie kununua ramu kabla hujajaribu hivyo.

Na ukisikia kompyuta inagonga ndani, ti, ti, ti, na mafaili yanachelewa kufunguka au hayaonekani, diski inakufa. Hapo usisafishe cho chote kwanza. Nakili hesabu zako kwenye flashi siku hiyo hiyo. Vifaa vingine vyote vinauzwa dukani, lakini hesabu za kikundi haziuzwi.

Kuna jambo moja la kutazama kwa macho tu. Juu ya mazabodi mmesimama vipipa vidogo viitwavyo kapasita. Kichwa cha kila kipipa kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba kama mkebe wa chakula kilichooza, au kikitoa maji ya kahawia, kimekufa. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zilitengenezwa vibaya, na makampuni makubwa yalipata hasara. Kampuni ya Dell ya Marekani mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashine za ofisini zilizoharibika hivyo. Fundi hodari wa redio mwenye kifaa cha kulehemu anaweza kubadilisha kapasita. Kwa hiyo ukiambiwa "mazabodi imekufa", mwombe fundi akuonyeshe ni wapi ilipofia.

Badilisha kitu kimoja, kisha ujaribu kwa siku kadhaa, ukiandika. Ukibadilisha vitatu kwa mara moja, hutajua ni kipi kilichoponya, na viwili utakuwa umevilipia bure.

Tumebakiza betri ndogo iliyo kwenye mazabodi, bapa na ya mviringo kama sarafu, yenye volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na tarehe kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiisha, kila ukiwasha unakuta tarehe ya miaka mingi iliyopita, na marejesho yako yanaandikwa mwaka usio wao. Kuibadilisha ni rahisi, lakini tafadhali sana, jihadharini na watoto. Mtoto akiimeza, hata ile iliyokwisha, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Apelekwe hospitali mara moja, msingoje kuona kama atalia. Iliyotolewa ifungwe kwa seloteipu pande zote mbili, iwekwe juu asipofika.