Kurejea kwa mbwa mwitu kwawagawanya wawindaji Marekani

KWA wawindaji wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mlio wa mbwa mwitu usiku ni kumbusho la mzozo ambao umedumu miaka mingi bila kupata suluhu.

Kufikia mwaka wa 1960, wanyama hao walikuwa wameangamizwa jimboni humo kwa risasi, mitego na sumu, huku serikali ikiwatuza waliowaua.

Hata hivyo, baada ya Marekani kupitisha sheria ya kulinda viumbe walio katika hatari ya kutoweka mnamo 1973, walianza kuingia wenyewe kutoka jimbo jirani la Minnesota. Sasa wanakadiriwa kuwa takriban 1,000.

Lalamiko kuu la wawindaji ni kupungua kwa kulungu. Wanashikilia kuwa misitu ambamo baba zao walijipatia kitoweo imebaki mitupu.

Hesabu haiwaungi mkono kikamilifu. Mbwa mwitu mzima hula takriban kulungu 20 kwa mwaka, yaani wote pamoja hula karibu 20,000. Wawindaji wenyewe huua karibu 300,000, na majira makali ya baridi huangamiza wengine.

Lakini mbwa mwitu hawakusambaa sawasawa. Wengi wamo kaskazini, na anayewinda karibu na kundi lao huliona pengo hilo kwa macho yake.

Jambo la pili ni mbwa wa kuwindia dubu. Mbwa hao wanapokaribia mahali penye watoto wa mbwa mwitu, hushambuliwa na kuuawa. Jimbo hulipa fidia isiyozidi dola 2,500 kwa kila mbwa, ingawa kwa mwenyewe fedha haziwezi kufidia mwandani aliyemfunza kwa miaka.

Kutokana na shinikizo la wawindaji, jimbo lilitunga sheria mwaka wa 2012 inayolazimu msimu wa uwindaji kila mara ulinzi wa serikali kuu unapoondolewa.

Matokeo yake yalidhihirika Februari 2021. Wawindaji walioruhusiwa kuua mbwa mwitu 119 waliua 218 kwa muda usiofika siku tatu, wengi wao wakitumia mbwa kufuata nyayo kwenye theluji.

Jamii ya Ojibwe, ambayo humchukulia mbwa mwitu kuwa ndugu, ilikuwa imetengewa mgao wake wa 81 lakini haikuwinda hata mmoja.

Tukio hilo liliwagawanya wawindaji. Kuna wanaosema lilithibitisha kwamba idadi inaweza kupunguzwa kwa urahisi. Wengine wanahofia kuwa liliipaka matope shughuli yao na kuwapa wapinzani hoja mahakamani.

Februari 2022, jaji wa mahakama ya serikali kuu huko California alirejesha ulinzi, na uwindaji ukasitishwa.

Oktoba 2023, Wisconsin iliidhinisha mpango mpya wa usimamizi. Mpango wa 1999 ulikuwa umeweka lengo la mbwa mwitu 350, lakini huu mpya hautaji idadi maalumu, bali unaruhusu hatua kubadilishwa kulingana na hali ya kila eneo.

Wawindaji wengi walitaka kikomo kitajwe. Kwao, swali si iwapo mbwa mwitu waishi, bali ni nani mwenye usemi kuhusu idadi yao: wakazi wa misitu hiyo au majaji walio mbali.