Rwekubo: Mfanyabiashara wa mahindi na hesabu ya miaka mitatu

MBARARA: Katika biashara ya nafaka kusini-magharibi mwa Uganda, wengi huhesabu kwa wiki. Gunia linanunuliwa Rwekubo leo, linauzwa Mbarara kesho, na keshokutwa fedha inarudi shambani. Hesabu hiyo huleta faida mambo yanapokwenda sawa. Hata hivyo, tangu mwaka 2019 mambo yameharibika mara kadhaa, na aliyeumia zaidi ni yule asiyekuwa na njia ya pili.

Rwekubo ni kituo cha biashara wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Kilichoanza kama hifadhi ya muda kimedumu zaidi ya miaka 60, na sasa kina Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri, hivyo mahindi na maharage yao hufika Mbarara, na malori hurudi na sabuni, nguo na mafuta ya kupikia.

Pigo la kwanza lilitoka kwenye mgao. Maduka mengi yalizoea kuuza kwa mkopo katikati ya mwezi na kulipwa siku chakula au fedha taslimu za msaada zinapotolewa. Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao kwa asilimia 30. Februari 2021 ulishuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili, na mwaka 2025 wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada huo. Muuzaji aliyetegemea siku ya mgao peke yake alibaki na daftari la madeni.

Pigo la pili lilikuwa mpaka. Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda ilifunga Gatuna, njia fupi ya malori kutoka Mbarara kwenda Kigali, na kwa sehemu kubwa ya muda ulibaki umefungwa hadi Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu msafirishaji aliyekuwa na wateja wa Kigali tu alitafuta soko upya, wakati mwenye wateja pia Congo, Sudan Kusini au Tanzania alipunguza safari bila kuegesha gari.

La tatu ni ubora. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalikwama Sudan Kusini kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa ndipo hesabu ya wiki na hesabu ya miaka zinapoachana. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa kufikia kiwango hicho hubaki na kilo 95 hivi. Anayehesabu kwa wiki huona amepoteza kilo tano, hivyo huuza mahindi yakiwa mabichi. Anayehesabu kwa miaka huona kuwa kilo tano ni bei ndogo ya kulinda lori zima lisirudishwe mpakani, na ya kuweza kuhifadhi nafaka mpaka bei ya mavuno ipande.

Mpango wa muda mrefu hauhitaji mtaji mkubwa ili kuanza. Turubai la kuanikia mahindi ni hatua ya kwanza. Nyaraka ni ya pili: kwa bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Njia ya pili ya kuuzia ni ya tatu: barabara ya lami kutoka Mbarara hadi Kikagati inaishia mkabala na Murongo, Tanzania. Akiba ni ya nne, na tangu mwaka 2020 taasisi ya fedha ya UGAFODE ina tawi Nakivale.

Kabla ya kila msimu, mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kujiuliza swali moja: mteja mkubwa akiondoka au mpaka ukifungwa kesho, kazi itaendelea kwa miezi mingapi? Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi mabichi huoza.